Mtani wa Mke Wangu

Juzi, vijana, kaja hapa Makorora mwenzenu mmoja wa kuhesabu watu. Kishikwambi mkononi, fulana mpya, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kanipa shikamoo ya harakaharaka, kaketi barazani, kagusa kioo chake hapa na pale, na chai yake haijapoa kishamaliza nyumba nzima: majina, umri, kazi, choo, paa. Kila alilouliza kajibiwa. Anaondoka namtazama kwa wivu, maana kazi hiyo nimeifanya mimi ujanani mwangu, na nyumba moja iliweza kunimalizia siku.

"Mbona umenuna?" kaniuliza mke wangu, Tatu.

"Sijanuna."

"Umemwonea wivu mtoto wa watu."

"Nimekwambia sijanuna!"

Akarudi jikoni anacheka peke yake. Mwanamke huyu ananisoma tangu zamani. Na mimi sikatai, nina wivu. Nimezaliwa nao, nimeoa nao, nimestaafu nao, na nikiwasimulia ile kazi bila ya wivu ndani yake nitakuwa nawasimulia habari za mtu mwingine. Kwa hiyo vumilieni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitaka kujua huku kwetu, Tanga vijijini mpaka ng'ambo ya Pangani, wamo watu wangapi na kila mmoja anafanya kazi gani. Si kwamba alitupenda sana. Mkonge ndio uliomsumbua. Mashamba yanalia watu, kila siku watu, na vijana wa pwani hawataki kuukata. Kijana wa Kigombe ukimwambia nenda kakate mkonge, anakutazama kama umemtukania mama yake. "Mimi? Niwe manamba?" Akitaka mshahara anakimbilia Tanga kubeba mizigo bandarini, au anakwenda Raskazone kufua mashati ya Wazungu, na akirudi kwao Idi kavaa viatu na miwani, hasemi kazi yake nini. Wa kukata mkonge wakawa wanaletwa kutoka bara, Wanyamwezi na wengineo, wanajazwa makambini wanaume watupu. Vijijini wamebaki kina mama, wazee na watoto. Huku wanaume bila wake, kule wake bila wanaume, na katikati tunapita sisi makarani na mbao zetu za kuandikia.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, mwandiko wangu unasomeka hata na aliyesahau miwani. Kaptura ya kaki imepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini. Nilijiona mtu hasa.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Mwera. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaletewa kibao cha kukalia. Yule mama mwenye nyumba alikuwa mchangamfu kweli. Nikafungua ubao wangu nikamuuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Uso ukabadilika hapo hapo. "Unataka wangapi?"

"Nataka idadi yao tu."

"Kahesabu kuku wako. Watoto wangu hawahesabiwi." Akasimama, akanichukulia kibao chake.

Sijafika nyumba ya pili nikaanza kupiga chafya. Kutazama nyuma, moshi: yule mama katia pilipili na chumvi motoni anaondoa husuda yangu. Jirani zake wakaunusa moshi wakaelewa, na mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Na mimi ni mtoto wa pwani, jamani, si mgeni. Hata mama yangu mzazi ukimuuliza ana watoto wangapi hujibu, "Wapo, Mungu kajaalia." Lakini ukishapewa kaptura ya serikali unasahau hata ya kwenu.

Kwa hiyo mkitaka kuhesabu watu msiulize idadi, ulizeni majina. Tena anzeni na marehemu, maana marehemu hahofiwi tena kupatwa na jicho. Mtu akianza kumtaja aliyekufa, walio hai watafuata wenyewe. Na mkiuliza kazi muwe na akili. Mimi nilikuwa nauliza, "Mama, kazi yako nini?" Ananijibu, "Sina kazi, mwanangu," na huku mchi mkononi, mtoto mgongoni, makuti nusu kayasuka, mihogo kairoweka, na shamba lake la mpunga linamsubiri jua likipoa. Nami naandika: hana kazi. Karatasi zangu za mwezi wa kwanza ukizisoma utadhani pwani nzima imelala usingizi. Kwetu kazi ni ile ya kuajiriwa, nyingine zote ni kuishi tu.

Bwana shauri alinirudishia karatasi zile. Za mwenzangu alizisifia.

Haya, tumefika kwa huyo mwenzangu.

Jina lake Rajabu Mhando, Mzigua wa Mkwaja, rika langu. Tulipangiwa njia moja, twende vijiji vya kusini ya mto pamoja na makambi ya mkonge. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyeparura majivu. Kaptura yake haikujua pasi. Alikuwa na pengo hapa mbele, na kila akicheka pengo linatangulia. Na popote tulipofika, wallahi, mimi naletewa maji ya kunywa, yeye analetewa chai na mkate wa kumimina. Watoto wanamrukia, vikongwe wanampangusia mkeka. Nilikuwa nakaa pale na soksi zangu najiuliza, huyu ana nini ambacho mimi sina?

Siku tuliyofika kambi ya kwanza ndipo nilipodhani nimejua. Wakati ule wakataji wamerudi kutoka shambani, wana mapanga yao, wamechoka, jua limewakausha. Wengi Wanyamwezi. Mimi nimesimama langoni natafuta maneno ya adabu. Mhando akapita mbele, akapaza sauti, "Nyie watumwa wetu! Nani kawapa ruhusa ya kukaa? Babu zangu waliwanunua kwa chumvi, tokeni niwahesabu nione kama hamjapungua!"

Nikasema leo tunakufa. Kumbe kambi nzima imelipuka kwa kicheko. "Mzigua huyo! Mkamateni, mvueni viatu!" Wakamkamata kweli, wakamvua viatu, wakavificha, na huku wamemzunguka wanamweleza kila kitu: jina la huyu, kwao wapi, mke kamwacha wapi, mkataba wake unakwisha lini, yupi katoroka na yupi anajifanya mgonjwa. Kabla ya magharibi tumemaliza kambi.

Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Nyie wa siku hizi utani mnaujua wa mpira tu, mnatupiana maneno kwenye simu. Utani wa wakati ule ulikuwa na sheria. Mtani wako atakutukana, atachukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huwezi kukasirika. Ukikasirika umeaibika wewe. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika kukusaidia kazi za msiba, tena anachekesha. Mke wako humwita mke wangu. Mimi mtu wa Tanga mjini, asili yangu Mtang'ata, na Wanyamwezi sikuwa nao utani wowote. Nilikuwa na mwandiko mzuri tu.

Mnyapara wa kambi ile aliitwa mzee Mrisho. Alikuja zamani kutoka Tabora kukata mkonge, mkataba ukaisha, wenzake wakarudi, yeye akabaki, akaoa Ushongo, akajenga kijijini nje kidogo ya kambi. Watu kama yeye ndio tulioshindwa kuwaweka fungu gani kwenye karatasi, wa bara au wa pwani. Kesho yake tukaenda kwake kuhesabu. Mhando hata hodi hakupiga. Akaingia uani anapiga makofi, "Mke wangu, nimerudi! Chakula kiko wapi?"

Jikoni akatoka binti yake mzee Mrisho na upawa mkononi. "Mume gani wewe, miguu kama michi? Toka na pengo lako, upepo unaniingilia jikoni!"

Nyumba nzima ikacheka. Yeye naye akacheka, akainua upawa kama anataka kumpiga, Mhando akakimbia kuzunguka kisima. Huyo ndiye Tatu. Nilisimama pale na ubao wangu, nikampenda palepale, na palepale nikamchukia Mhando. Mambo hayo mawili yalinijia pamoja, na mpaka leo sijaweza kuyatenganisha.

Njiani nikamuuliza, "Yule umemposa?"

"Yupi?"

"Yule Tatu. Umemwita mke wako."

Akasimama kunitazama, pengo likatangulia. "Mtani wangu yule, bwana! Mle ndani wote wake zangu, hata bibi yao kizee."

"Na akiolewa?"

"Akiolewa, mumewe atanikoma."

Sikucheka.

Tukawa tunapita pale mara kwa mara, maana ndiyo njia ya kwendea vijiji vingine. Kila mara mke wangu, kila mara upawa, kila mara kicheko. Mimi Tatu alikuwa ananiamkia kwa adabu, "Habari za safari, karani?" Nasema njema. Basi, mazungumzo yamekwisha. Usiku nalala nayasikia yale matusi aliyomtukana Mhando nayaonea wivu. Nilitaka na mimi nitukanwe.

Nikapiga hesabu yangu. Kinachomchekesha ni utani, basi nami nitatania. Mhando akapata udhuru, kaitwa kwao Mkwaja, nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Nikavuta soksi zangu nikaenda peke yangu. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka kuswali, mzee Mrisho kaketi barazani na wazee wenzake, kahawa inapita. Sikutoa hata salamu. Nikasimama mbele yao, mikono kiunoni, nikapaza sauti, "Nyie watumwa! Nani kawapa ruhusa ya kukaa?"

Vikombe vimesimama njiani.

Nikadhani hawakusikia. Nikakumbuka Mhando aliwahi kuondoka na kuku wa yule mzee, watu wote wakampigia makofi. Palikuwa na jogoo mwekundu anaparura karibu na kinu. Nikamdaka miguu, nikamtia kwapani, nikasema, "Na huyu kitoweo changu!"

Mzee Mrisho akaweka kikombe chini polepole. "Kijana, kwenu wapi?"

"Tanga, mzee. Asili Mtang'ata."

Akawageukia wenzake. "Sisi na watu wa Mtang'ata tuna utani?"

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa mmoja mmoja.

"Basi huyu kanitukana, na huyu mwizi."

Lo! Nilipelekwa kwa jumbe wa kijiji na jogoo wangu nimembeba mwenyewe, anapiga kelele njia nzima. Watu wanatoka majumbani kutazama karani wa serikali aliyeiba mchana kweupe. Tatu alikuwa kwenye pembe ya ukuta. Hakucheka. Alinitazama, nikaona ananionea huruma, na hilo ndilo lililoniuma kuliko jumbe. Jumbe akasema mambo haya ni makubwa, atayapeleka Boma asubuhi ya Jumatatu, na mpaka siku hiyo mimi na jogoo tutabaki kwake. Nikajua kazi imekwenda, na Tatu kaenda nayo. Nani atamwoza binti kwa mwizi wa jogoo?

Jumapili Mhando akarudi. Kabla hajatua mzigo wake kashasikia, kila mtu anataka awe wa kwanza kumsimulia. Akaja moja kwa moja kwa jumbe, nami nimo ndani na wazee wamekusanyika. Akasimama mlangoni kakunja uso.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

Jumbe akauliza, "Jogoo gani?"

"Nilimtuma huyu karani wangu anichukulie jogoo kwa watumwa wangu, na maneno nikampa ya kusema. Tangu Ijumaa namngoja, njaa imeniua. Kumbe mmemfunga! Nani atanilipa?"

Pale mahali hapakukalika kwa kicheko. Mzee Mrisho alijipiga paja mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe wewe ndiye uliyemtuma! Si ungesema mapema, Mzigua mlafi wewe?" Mjumbe wa mtani hashitakiwi, hiyo ndiyo sheria. Kama waliamini au hawakuamini, mimi sijui. Jogoo akachinjwa, akapikwa na Tatu kwa nazi, tukamla sote. Mtu akikuokoa na simba utamshukuru usiku na mchana. Mtu akikuokoa na ujinga wako, tena ujinga wenyewe ulikuwa kumwiga yeye, hapo shukrani haitoki.

Njiani akaniambia, "Bakari, wewe unamtaka Tatu."

Nikainama kuvuta soksi.

"Sema bwana, nikupelekee posa. Au unataka kwenda mwenyewe ukaibe na mbuzi?"

Akaenda kweli. Mimi na wazee wangu tumejipanga kuandaa maneno mazuri, yeye kaingia kwa mzee Mrisho akasema, "Huyu mke wangu nimemchoka. Hajui kupika, na mdomo wake unanitoa jasho. Nimemtafutia mume mwingine, yule mwizi wa jogoo. Kijana mzuri, soksi safi, mwandiko wake hata Mzungu anausifia." Mzee Mrisho akacheka mpaka akakubali. Siku ya harusi Mhando akalala mlangoni, kajinyoosha kizingiti kizima, analia, "Naibiwa mke! Naibiwa mke, Waislamu wenzangu!" Hakunyanyuka mpaka alipopewa sinia la pilau. Nikamsikia bibi harusi anacheka chini ya buibui. Kicheko cha kwanza cha mke wangu ndani ya ndoa yetu kakitoa kwa mwanamume mwingine. Mnaweza kunielewa au hamwezi?

Tulipanga chumba Pangani mjini. Mhando hapiti bila ya kuingia. "Mke wangu, mumeo mdogo yupo?" Mume mdogo ndiyo mimi! Siku moja nikashindwa, nikamuuliza Tatu, "Hivi asingekuwa mtani wako, ungekubali akuoe?"

Akafikiri, na kule kufikiri kwake kukanichoma. "Asingekuwa mtani, asingekuwa Mhando," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Masika yaliyofuata Mhando akapangiwa vijiji vya mbali kusini. Akanyeshewa, homa ikamshika njiani, wakamchukua kwa machela mpaka kwao Mkwaja, na huko akafa. Kijana, hajaoa, hana jino moja tu. Habari ilitufikia yeye kashazikwa. Nililia, msidhani sikulia, alikuwa mwenzangu wa njia. Lakini niliwaambia sitaficha wivu wangu: chini ya kilio kile palikuwa na mahali padogo palipotulia. Nikasema sasa, angalau, mke wangu ni wangu.

Tulikwenda tangani huko Mkwaja kukaa msiba, mimi na Tatu na mzee Mrisho na Wanyamwezi wa kambini. Watani wakaanza kazi yao. Wengine walichota maji, wengine wakapasua kuni, mmoja akalala mlangoni akasema marehemu ana viatu vyake, haondoki mpaka alipwe. Mama yake Mhando alikuwa kaketi ukutani, kajifunika, tangu mwanawe azikwe hajala wala hajatoa machozi. Tatu akaingia ndani. Alipotoka kavaa kanzu ya Mhando, kofia ya Mhando, penseli kaipachika sikioni, ubao kwapani. Na jino la mbele kalipaka masizi, likawa pengo.

"Hodi! Nyie watumwa wetu, mmejaa humu kama mnagawiwa kitu! Nani kafa?"

Wallahi alikuwa yeye. Ile miguu, ile shingo, ule mkono anavyojipangusa jasho kwa kiwiko. Watu waliinama kwa kicheko huku machozi yanawatoka. Akamwendea mama mmoja mwenye mtoto, akachuchumaa mbele yake, maana Mhando alikuwa hahesabu kasimama. "Huyu anayekusumbua anaitwa nani?"

"Mwajuma," yule mama akajibu, anacheka.

Tatu akashika penseli. Na kabla hajaandika, akafanya kitu. Akainamisha kichwa kidogo, midomo ikacheza bila ya sauti: mashaallah. Ndipo akaandika. Akamgeukia mwingine, jina, midomo ikacheza, akaandika. Nikatazama kina mama waliozunguka, nao wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Kumbe wote waliliona jambo hilo. Kila jina la mtoto alilikinga kwanza ndipo akaliandika, ndiyo maana hakuna mama aliyemtilia pilipili motoni. Mimi nimetembea naye jua na mvua nikidhani siri yake ni mdomo mpana. Sikuliona, nilikuwa nautazama mwandiko wangu.

Mama yake Mhando akafunua uso. Akaita, "Rajabu!" akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kilio, akalia kama inavyopasa. Tatu akamkumbatia bado yumo ndani ya kanzu ile.

Njiani kurudi nikamuuliza, "Ile ya midomo uliionaje?"

"Nilikuwa namtazama."

"Ulimtazama kiasi hicho?"

"Mtani hutazamwa, Bakari. Usipomtazama, siku akifa utamwigiza vipi?"

Kazi ile niliendelea nayo, chini ya Mwingereza na baada ya uhuru, mpaka nikastaafu. Kila jina la mtoto nilisema mashaallah kwanza, na milango ilifunguka, na kina mama waliniletea chai na mkate wa kumimina. Nilikunywa ile chai nikijua si yangu. Na yeye huko aliko bado kijana, pengo moja vilevile, na mimi hapa meno yananihama. Mtu gani anaweza kushindana na mtu kama huyo?

Kilichoniuma zaidi nilikisikia miaka mingi baadaye. Nilimuuliza Tatu, "Mimi nikifa utaniigiza?"

"Astaghfirullah! Wewe mume wangu. Nitakaa eda, ndani, kimya. Anayeigizwa ni mtani."

Basi nikajua. Nimelala naye, nimezaa naye, nimezeeka naye, na siku yangu ikifika hakuna wa kuvaa kofia yangu na kuwaonyesha watu nilivyokuwa. Nitazikwa kwa heshima tu. Nimekaa na jambo hilo rohoni kama mwiba.

Sasa rudini juzi, siku ya yule kijana wa kishikwambi. Alasiri kina mama wa jirani walikuja uani kutusaidia kuchambua mchele, tunaoza mjukuu. Mimi nimetoka kuswali, napita ukumbini, nikasikia vicheko. Si vicheko vya kawaida, vile vya watu kushikana mbavu. Nikaenda taratibu nikasimama nyuma ya mlango wa uani, jicho kwenye ufa.

Tatu alikuwa kasimama katikati ya masinia, na miguu yake ile mibovu. Kofia yangu kichwani. Bakora yangu mkononi. Akawa anakohoa kikohozi changu, kile cha kuomba chai ambayo tayari ipo mezani. Akavuta soksi asizovaa. Akaenda mpaka kwenye kizingiti anahesabu kandambili za wageni, nami nilidhani hakuna anayejua kwamba nazihesabu, na kwa kila jozi kainamisha kichwa, midomo inacheza.

"Na huyu sasa," akawaambia, "akisikia watu wanacheka bila yeye."

Akaenda ukutani. Akajibanza, shingo kaivuta mbele, jicho moja kalifumba, mdomo wa chini kautoa nje. Wanawake wakaanguka juu ya mchele. Nikajitazama: shingo yangu mbele, jicho moja nimelifumba, mdomo wa chini nje.

Tatu, hata hakugeuka kuutazama mlango, akasema kwa sauti yangu, "Sijanuna."